Mwacheni Mzee na Damu Yake

Ndani ya basi, nyuma ya kiti changu, mama mmoja alikuwa akimsifia daktari mbele ya jirani asiyemjua, fundi cherehani mwenye futi shingoni.

"Baba yangu alilazwa hospitali hii ya hapo mbele. Kila asubuhi wanamtoa damu ya kupima, kila jioni wanashangaa damu imepungua! Akaja daktari mpya, binti tu. Akawauliza wenzake, 'Majibu yakija, tutabadilisha nini?' Wakaanza kupekua faili. Akasema, 'Basi mwacheni mzee na damu yake.' Leo baba yuko nyumbani, anagombana na kila mtu."

Afya njema hiyo, nikajisemea.

"Mama, mimi sikati kitambaa bila kupima," fundi akasema.

"Sawa. Na mteja ukishampima, unamwita tena kila asubuhi?"

Nikageukia dirisha nisionekane nacheka. Binti yule nilikuwa nimeshampenda bila kumwona.

"Hata hivyo," fundi akang'ang'ania, "daktari asiyenipima hanitoi wasiwasi."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Fundi akainuka, akasita mlangoni. "Huyo binti yuko chumba gani?"

Mkono wa shati lake alikuwa ameshaukunja hadi juu ya kiwiko.