Mwalimu Tharsisi na Shimo la Nyakitonto

Mwalimu Tharsisi anastaafu tarehe 30 Juni 2014, baada ya kufundisha Fizikia kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza Kibondo, kisha hapa Kasulu. Amevunja bika nyingi za maabara kuliko wanafunzi wake wote, na ubao aliufuta kwa mkono wa koti.

Somo lake maarufu lilihusu mashimo ya mwezini. Alijaza majivu kwenye karai, akanyunyiza unga wa muhogo juu, akadondosha gololi. Shimo likatokea pana kuliko gololi. Alipoirusha kwa nguvu, likazidi. Huko mwezini, alisema, jiwe lenye kasi huchimba shimo pana mara kumi ya upana wake, hata zaidi.

Mwaka jana somo hilo lilipata kazi. Kimondo kilipita juu ya Nyakitonto, na asubuhi shimo likaonekana katika shamba la mihogo la mzee Nsengimana. Watu wakaja na majembe kutafuta jiwe la nyota, kubwa kama ng'ombe. Mzee hakuwa na chakula kingine hadi mavuno yajayo. Akamwita mwalimu awaondoe.

Mwalimu akaenda na karai lake. Akawaonyesha kwamba jiwe lenyewe huenda ni dogo kama parachichi. Watu wakaelewa vizuri mno. Waliokuwa wakichimba mahali pamoja wakatawanyika shamba zima, maana parachichi hujificha popote. Wengine wakaleta nyungo.

"Mwalimu," mzee alisema, "nimekuita uwaondoe, wewe umewagawia shamba."

Mwalimu hakutaharuki. Akatoa ile sehemu ya somo ambayo wanafunzi huikosa kwa sababu kengele huwa imelia: jiwe linalopiga mwezi kwa kasi ile haliponi. Husagika, na sehemu kubwa hugeuka mvuke. Zuleha, muuza vitenge aliyefunga duka lake Kasulu ili aje, akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo kilichobaki ni shimo tu?"

"Ni shimo tu, mama. Na lina mwenyewe."

Wakaondoka wakinung'unika, mihogo ikapona. Baadaye mke wa mzee alirudi kutoka Kibondo, akasema lile ni shimo lake la zamani la kuivishia ndizi, limetitia kwa mvua. Mwalimu alijibu kwamba yeye alikuwa akizungumzia ya mwezini.

Tunamshukuru kwa yote, pamoja na gunia la makopa ya muhogo ambalo mzee alimletea na sisi walimu wenzake tukalimaliza. Mwalimu, nenda salama nyumbani Kakonko ukalime. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha, na majirani wanaochimba kwao.