Mlango Unaofunguliwa Juni

Assalaam alaykum, wazee wetu, majirani wa Matrah, na nyote mliotoka Maskati, Ruwi na Sib, wengine kwa gari na wengine kwa miguu, kuja katika hitima hii ya marehemu Aflah bin Mahfoudh, leo Alkhamisi tarehe 17 Disemba 1970. Familia imemtaka mjomba wake, Amur bin Thani, ndiye huyu anayesema nanyi, aisome historia yake, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba aachiwe aseme na yale ambayo marehemu angeyakata kwa kalamu yake nyekundu.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1948, Mkunazini, mjini Unguja, mtoto wa kwanza wa Mahfoudh, muuza vitabu na madaftari, na mkewe Bi Muhsina binti Thani, ambaye yumo ndani na wanawake wenzake akitusikiliza, na nduguye ni mmoja tu, Aliya, aliyezaliwa miaka minne baada yake. Alisoma chuoni akahitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akasoma skuli ya serikali, na akawa kidato cha pili mwezi wa Januari 1964, mwezi aliofariki baba yake, katika siku zile ambazo kila mmoja hapa ana habari zake na hatuna haja ya kusimuliana. Mama na Aliya wakapitia Mombasa, wakapanda huko meli ya kuja Maskati mwezi wa Julai, Aflah akabaki Mombasa kwa mjomba wake huyu, akiwa na miaka kumi na sita, hana baba, hana skuli, na amenyamaza kiasi cha kututia hofu.

Hapo ikaja barua. Bibi mmoja wa Kijerumani, aliyekuwa akinunua vitabu dukani kwa Mahfoudh na kumwona mwanawe akisoma nyuma ya meza badala ya kuuza, alikuwa amemwandikia mwalimu mkuu wa skuli aliyosoma yeye utotoni, skuli ya sekondari ya mji mdogo wa Hohenlauter, milimani kusini ya Ujerumani, na mwalimu mkuu huyo, Dakta Wiegand, akajibu kwamba mtoto aletwe, atasoma bila ada, na atalala nyumbani kwa mtunza skuli.

Aliwasili Jumanne tarehe 6 Oktoba 1964, kwa treni ya kabla ya ile aliyotazamiwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumpokea, akaulizia njia kwa kuonyesha bahasha, akafika mbele ya jengo la mawe lenye mlango mkubwa wa mbao nene, wenye misumari ya shaba. Mtoto wa Mkunazini akiona mlango kama ule anajua la kufanya, mgeni mwenye adabu hapiti uani, basi alisimama wima, akagonga kwa pete ya chuma, akapiga hodi mara tatu kwa sauti. Mtunza skuli, Bwana Kessler, mzee mwenye mkono mmoja, wa pili aliuacha vitani, alidhani ni moto, akaondoa komeo akafungua, na Aflah akaingia kwa mguu wa kulia na sanduku lake, mbele ya wanafunzi mia tatu waliokuwa kwenye ngazi wakati wa mapumziko, na wote mia tatu wakageuka kumtazama.

Alikuja kuelewa baadaye alichokifanya. Skuli ile ilianzishwa mwaka 1571 ndani ya nyumba ya watawa, na kwa desturi yake wanafunzi na walimu wote huingia na kutoka kwa mlango mdogo wa pembeni, karibu na ghala la makaa, na ule mkubwa hufunguliwa siku moja tu kwa mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Juni, ndipo waliofaulu mtihani wa mwisho huitwa mmoja mmoja kwa jina, kila mtu akatoka peke yake, na asiupite tena maishani mwake. Wanafunzi walikuwa na imani yao juu ya hilo, kwamba anayeingia kwa mlango mkubwa hatatoka nao. Walimwambia siku ya pili, alipokuwa hajui Kijerumani, wakamchorea.

Barua zake za miaka minne zimo katika sanduku la mama yake, na ukizisoma unaona mtu aliyekuwa akitembea mdomo wazi. Aliandika kuwa kuta ni nene kiasi cha mtu kulala ndani ya dirisha, kuwa darasa zima husimama mwalimu akiingia na hata chaki ikianguka husikika, kuwa kila darasa lina daftari kubwa ambalo mwalimu hutia saini baada ya kila kipindi, amefundisha nini na nani hakuwepo, na kuwa madaftari hayo yamepangwa chini ya jengo tangu zamani sana, hivyo Bwana Kessler alimwonyesha jina la mvulana aliyechelewa asubuhi moja ya mwaka 1838 kwa sababu ya theluji. Jambo hilo lilimpiga bumbuwazi. Aliandika, "Mama, hapa mtu hapotei, hata kuchelewa kwake kunawekwa." Wanaojua mwaka aliotoka nao kwetu wataelewa kwa nini kijana yule alilia mbele ya daftari la watu wasiomhusu.

Yalikuwepo na ya kuchekesha. Mtihani wake wa kwanza wa hesabu ulirudi na namba moja, akauficha ndani ya soksi, hakula siku nzima, akaanza kumwandikia mjomba wake atafutiwe kazi ya bandarini, mpaka mke wa Bwana Kessler alipoufua ule mguu wa soksi na kumweleza kwamba kwao moja ndiyo alama ya juu na sita ndiyo ya aibu. Mkate wa siagi uliofungwa kwa karatasi aliula kila siku saa nne kwa miaka minne na hakuupenda hata siku moja. Funga ya Ramadhani ikaangukia Disemba, jua likichwa kabla ya saa kumi na moja, naye akatuandikia sisi wa joto barua ya majigambo isiyo na haya, na Dakta Wiegand akampa ufunguo wa chumba cha ramani asalie humo. Kilatini kilimshinda kwa uchache wa muda, wenzake walikuwa wamekianza wakiwa wadogo, basi skuli ikakubali Kiarabu badala yake, na ikamtafuta profesa wa chuo kikuu kuja kumtahini mwanafunzi mmoja.

Kila mwaka, Ijumaa ya kabla ya siku ile ya Juni, Bwana Kessler alitia mafuta bawaba za mlango mkubwa, na kwa kuwa mkono wake ni mmoja, Aflah alimshikia ngazi mwaka 1965, na mwaka 1966 na 1967 akapanda mwenyewe na kikopo cha mafuta. Mara tatu aliuandaa mlango ule kwa wengine, akasimama uani kuwatazama wakitoka, akaandika kila mara maneno yaleyale, kwamba zamu yake ni 1968.

Mwezi wa Mei 1968, baada ya mitihani ya kuandika na kabla ya ile ya kusema, alikohoa damu, akalazwa hospitali ya kifua, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Kanuni ilisema asiyekaa mbele ya jopo hakufaulu. Sasa sikilizeni jambo ambalo mjomba wake hajaacha kulistaajabia mpaka leo. Jumatano tarehe 12 Juni, Dakta Wiegand na walimu wake watano, na profesa wa Kiarabu, walipanda basi na majoho yao mkononi, wakayavaa kwenye ukumbi wa hospitali, wakaketi kwa safu miguuni pa kitanda chake, wakamtahini kwa saa tatu na nusu bila kumpunguzia swali hata moja. Alifaulu. Lakini tarehe 29 Juni, jina lake lilipoitwa mlangoni, hakutoka mtu, na cheti chake kilikuja kwa posta, ndani ya kifurushi pamoja na kile kikopo cha mafuta, bila barua.

Alitoka hospitali Aprili 1969, madaktari wakathibitisha amepona, akaenda kuaga skuli. Bwana Kessler alikuwa amekwisha kuondoa komeo la mlango mkubwa ili atoke nao. Aflah akamshukuru, akamwambia leo si Jumamosi ya mwisho ya Juni, na tiketi yake haikumruhusu kungoja Juni, akamsaidia mzee kulirudisha komeo, akatoka kwa mlango mdogo kama alivyotoka kila siku. Mama yake alipoisikia habari hiyo alisema, "Huyu mwanangu nna hofu naye, amekuwa Mjerumani," na wala hakuwa akitania.

Alikaa Bahrain kungoja ruhusa ya kuingia huku kwetu, akafika Matrah tarehe 14 Oktoba 1969, na kazi yake ni moja tu aliyowahi kuifanya. Jumamosi tarehe 3 Januari 1970 alifungua darasa ndani ya nyumba hii mliyokaa, iliyokuwa ghala la tende, kwa watoto kumi na mmoja wa jamaa na majirani, wasichana saba na wavulana wanne. Nyumba ina milango miwili, mkubwa wa uchochoroni na mdogo wa jikoni, na mmeshajua alichokifanya. Aliufunga mkubwa, akautia mafuta ya kile kikopo, akawaambia watoto watautokea siku watakapofaulu mtihani wake, mmoja mmoja, kwa jina. Sote tulipita jikoni mwaka mzima, na washenga waliokwenda kumposea Nasriya, mwezi wa Agosti, walitoka humu wamevaa majoho yao wakiruka masufuria. Akanunua daftari kubwa, akatia saini kila kipindi, na aliyechelewa aliandikwa. Ufunguo wa mlango alimpa mwanafunzi wake mkubwa, Hind, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyekuwa karibu kuliko wote kufikia mtihani, akamwambia asimfungulie mtu asiye na cheti, hata awe nani.

Marehemu hakujaaliwa ndoa wala watoto. Harusi iliwekwa baada ya mwaka mpya, na Nasriya ametuomba lisemwe jambo moja tu kwa upande wake, kwamba alikuwa tayari kupita jikoni.

Kikohozi kilirudi mwishoni mwa Septemba mwaka huu. Akalihamishia darasa uani, akaketi ukutani mbali na watoto, Hind akawa anaandika ubaoni yale anayoyasema yeye. Alipelekwa hospitali ya Matrah mara mbili, akarudi kila mara akiuliza daftari limetiwa saini au la. Ilipokuwa wazi kwetu kwamba Januari, mwezi aliouwekea mtihani wa Hind, haitamkuta, mama yake alimwomba amtahini Hind mapema, kwa maswali mepesi, apate kumwona japo mtoto mmoja akitoka. Alikataa. Alisema watu saba walipanda basi wakaja kumtahini yeye kitandani bila kumwonea huruma, na kwamba ile ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizowahi kufanyiwa, na hatamnyima Hind. Alifariki Jumanne hii, tarehe 15 Disemba 1970, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, bila kumwona hata mmoja akitoka.

Baada ya alasiri tulibeba jeneza, na Amur huyu akaagiza lipitishwe mlango mkubwa, kwa kuwa jikoni halipiti. Hind alikuwa amesimama mbele ya mlango na ufunguo mkononi, macho yamemvimba, na hakusogea. Akauliza, "Mjomba Amur, cheti kiko wapi?" Kuna waliotaka kumkaripia. Mama yake marehemu akawanyamazisha, akafungua sanduku, akatoa cheti, na mtoto yule akalisoma jina, akaisoma tarehe, 29 Juni 1968, akaurudisha uso kwetu akasema kinafaa, ila mwalimu alisema mtu huitwa. Basi aliitwa. Amur bin Thani alisimama nje uchochoroni akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo, Aflah bin Mahfoudh, na mlango ukafunguka bila kulia hata kidogo, kwa yale mafuta ya Bwana Kessler, na marehemu akatoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Matrah, majirani waliotuletea maji na chakula siku hizi tatu, waliochimba na waliobeba, wazazi wa watoto kumi na mmoja, na skuli ya Hohenlauter, ambayo tumeipelekea barua ili yule aliyeitwa asiitike aandikwe kuwa ametoka. Masomo yataendelea Jumamosi tarehe 19 saa mbili, Aliya atafundisha, mtihani wa Hind uko palepale Januari, na mlango ni wa jikoni.

Na wewe, mwanetu Aflah, umeitwa na umetoka, pumzika.