Bolti ya Kiti cha Mama

Kijiwe kilichoko mbele ya duka la mshonaji hakina benchi. Kina kiti kuukuu cha gari, cha mtu mmoja, kilichokazwa juu ya mbao mbili, na wazee wawili hubanana humo kila mmoja na nusu yake. Mshonaji amekivika viraka mpaka kimesahau kilikotoka. Yeye huitwa Waziri kwa ajili ya makoti anayojishonea, na leo saa tisa alasiri alikuja bila koti, bolti mbili kiganjani, jasho la bolti mia. Saa kumi mama yake, aliyeuguza watu miaka thelathini na minane, alikuwa anastaafu. Waziri alikuwa ameapa kumtoa mlangoni mwa hospitali kwa gari la marehemu baba, gari ambalo halijawahi kusukumwa. Ila kiti cha abiria kilikuwa kinacheza: kati ya bolti zake nne, moja ilikuwa imepotea.

— Hii nimeichomoa kitini iwe mfano, akasema. Na hii nimeuziwa dukani. Unene mmoja, urefu mmoja! Lakini ikizunguka mara mbili tu, inagoma kama punda.

Kipimo, seremala mstaafu anayepima kila kitu kwa vidole, akazipapasa.

— Tatizo meno, kijana wangu. Ya zamani yamebanana, ya dukani yameachana. Isage kwa tupa. Bandu bandu huisha gogo.

— Nikiyamaliza meno, mzee, itashika kwa fizi?

Profesa, mwenzake kitini, akapuliza kahawa yake. Ameeleza magari ya watu maisha yake yote, na hana hata toroli.

— Someni kichwani. Imeandikwa nane. Maana yake hairuhusiwi kufunguliwa zaidi ya mara nane.

— Nani kakwambia?

— Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

— Si ndiyo nakuuliza!

— Basi sikia. Gari lina majonzi, limezoea mkono wa marehemu. Hii bolti ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Imezunguka mara mbili, ya tatu ikagoma. Uongo?

— Hapo kanena, Kipimo akakiri.

— Sasa mimi, Profesa akaendelea, nitajikunja kiti cha nyuma, nikikumbatie cha mbele mpaka mfike. Mama hatajua.

— Na ukipiga chafya?

— Atadhani injini.

Waziri hakucheka. Alikuwa akimwona baba yake, kila asubuhi, akimfungulia mama mlango wa gari lile kana kwamba anafungua ikulu, na mtaa mzima ukichungulia. Leo zamu ilikuwa yake.

— Hamjambo hapo?

Alikuwa mama mwenyewe, na sare yake nyeupe iliyonyooka.

— Shikamoo mama! Si tulisema nakufuata?

— Marahaba. Nimetoroka dakika kumi. Wodi nzima nimeitangazia kwamba leo natoka kwa gari, nikaona nije nihakikishe nisiumbuke.

Wakamweleza, wote watatu kwa mpigo. Akawasikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa aliyejitajia ugonjwa na dawa. Kisha akauliza:

— Na hicho mnachokalia kimefungwa na nini?

Profesa akafungua kinywa, ukatoka mvuke wa kahawa. Kipimo akainama kuchungulia kati ya magoti yake.

— Marehemu alinunua gari la pili kama lile, la spea, mama akasema. Hicho ni kiti chake. Mmelikalia jibu miaka kumi na mitano, wataalamu! Haya, saa kumi mlangoni.

Akageuka, akarudi wodini.

Bolti moja ilipotoka kwenye kiti cha wazee, Waziri aliilaza juu ya ile ya mfano, meno kwa meno, akaziinua juani. Haukupita hata uzi wa mwanga. Garini iliingia kwa vidole vitupu mpaka mwisho. Spana ilikuja kuikaza tu.

Saa kumi na robo gari likapita kijiweni, mama mbele, mgongo wima, hatazami huku wala huku, kama mtu ajuaye anatazamwa. Profesa akaruka juu kupiga saluti. Kiti, kikiwa kimebaki na bolti tatu na makalio ya mzee mmoja, kikapinduka na Kipimo pamoja na birika la kahawa.

— Umeumia, mzee?

— Niache! Kipimo akapaza sauti kutoka chini, kikombe kitupu kimeinuliwa juu. Jamani, tazameni! Bolti yetu ile inapita!