Mkunga Aliyekwenda Dago Kumuombea Mvuvi Ruhusa

Mganga Msaidizi wa zahanati yetu ya Chole, Ndugu Sabiti Iddi, ametangaza kwamba Mkunga Hasina Othmani atastaafu Jumatano, tarehe 30 Juni 1976, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Ametangaza pia kwamba chupa ya mwisho ya dawa ya "kufungua kizazi" imeondolewa kabatini, na haitaagizwa nyingine.

Bi Hasina alianza kazi mwaka 1950 akiwa mkunga msaidizi. Kwa miaka kumi na minne aligawa chupa hizo kwa mkono wake. Mwanamke aliyetafuta mtoto alipimwa, akatibiwa kama ana ugonjwa, kisha akaongezewa chupa nyekundu, tamu. Hakuna aliyejua kama inasaidia. Bi Hasina hafichi: alizitoa kwa sababu watu waliondoka wamefurahi.

Mwaka 1964 alifungua daftari. Wanawake arobaini walipata matibabu na chupa. Arobaini wengine, matibabu peke yake. Baada ya miaka miwili, katika waliokunywa walipata mimba kumi na mmoja, na katika wasiokunywa kumi na wawili. Akaacha kuzigawa. Zilibaki kabatini kwa ajili ya wenzake waliokuwa bado wanaziamini.

Aliyelalamika kuliko wote ni Biasha Shaabani wa Juani. Mwaka 1968 alikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na mavyaa wake, Bi Mwamvita, mama wa mumewe Mfaume, alikwisha kutamka: Idd ikifika hana mimba, Mfaume ataoa mwingine. Mume na mke walipimwa. Hawakuonekana na ugonjwa wowote.

"Nesi, wenzangu mliwanywesha dawa, mimi unaninywesha maneno?" Biasha alimwambia mbele ya foleni nzima.

"Nitajie aliyepata mtoto kwa chupa, nami nitakuletea yako mpaka Juani."

Bi Mwamvita akadakia: "Hata kama haisaidii, inadhuru nini? Mpe anywe!"

"Inadhuru, mama. Akishaipata chupa, hatutatafuta tena."

Akaendelea kutafuta. Alimuuliza Biasha siku zake huanza lini. Biasha alijibu kwamba huanza mwezi ukiwa mpevu, hazikosei. Na Mfaume hurudi lini? Mfaume alivua dagaa kwa karabai, akilala dago, kambi ya wavuvi, wakati wote wa giza. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, naye hurudi nyumbani. Kwa miaka sita alikuwa akirudi mkewe akiwa hedhini, na kuondoka kabla ya siku za kushika mimba.

Wanawake hawaendi dago. Bi Hasina alikwenda, amevaa sare, akamtaka Nahodha Ussi ampe Mfaume ruhusa ya siku sita katikati ya giza, miezi mitatu mfululizo. Wavuvi walicheka mpaka mmoja akaangusha sufuria.

"Nesi, kumbe na nyumbani huvuliwa gizani?"

"Huyu mmoja, ndiyo. Wewe una watoto saba, kaa kimya."

Nahodha alikubali. Hiyo ilikuwa Agosti. Mwezi wa Novemba, kabla hata ya Ramadhani kuandama, Biasha alithibitishwa kuwa mjamzito. Bi Mwamvita alipiga vigelegele kutoka mlangoni hadi ufukweni, kisha akarudi kusema neno moja: "Angekunywa na chupa, wangekuwa pacha."

Bi Hasina mwenyewe alisema mtoto mmoja si ushahidi. Kwa hiyo aliwauliza wake wengine wa wavuvi wa dagaa waliokosa watoto. Hadi mwaka jana alikuta thelathini na mmoja wenye kalenda kama ya Biasha, akawaombea waume zao ruhusa kama ile. Kumi na wanane wamezaa. Kumi na watatu hawajazaa, na Bi Hasina hakumficha hata mmoja wao kwamba hana dawa nyingine.

Biasha sasa ana watoto watatu. Mfaume hakuoa mwingine.

Bi Hasina, tunakushukuru kwa kutuzoesha kuuliza kabla ya kugawa. Afya njema, na mapumziko marefu kwako Kilindoni.

Nafasi yake itashikwa na Nesi Gulnar Hussainali. Kliniki ijayo ya mume na mke ni Jumatatu, tarehe 12 Julai, saa mbili asubuhi. Itakuwa mbalamwezi, waume watakuwa nyumbani, na wote wanatakiwa kufika.