Jina Lililolala

Habari hii aliyeisimulia kwanza ni Tufail, mume wa shangazi yetu, majira ya baridi yale yale alipozikwa Ustadh Ghazanfar. Aliisimulia akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, koti hajalivua. Wengi wameirudia tangu hapo, na kila mmoja kaitia chumvi yake. Hapa imewekwa kama alivyoitoa yeye.

Nyuma ya Urdu Bazaar, mjini Lahore, upo uchochoro wa wapangaji wa kurasa, watu wanaopanga vitabu, kadi za harusi na matangazo ya vifo kwa kompyuta. Mwaka ule umeme ulikuwa ukikatika kila ukijisikia. Ukikatika tu, wote hutoka vyumbani wakipapasa njia, wakaja kukaa kwenye benchi la Barkat muuza chai, na hapo wakaanza kuisema vibaya programu inayowalisha. Walitumia programu moja na fonti moja, nayo fonti ile ilikuwa mkono wa mtu, yaani mwandiko wa Ustadh Ghazanfar. Mwandiko wa Kiurdu hauendi sawasawa juu ya mstari. Kila neno hushuka kama mtu ateremkaye ngazi, na kila herufi hubadili mwili kwa kutazama jirani yake ni nani. Kwa hiyo Ustadh alikaa miaka na kalamu ya tete akiyaandika maungo ya maneno, yaani herufi jinsi zinavyoshikana, moja moja, maelfu kwa maelfu, mashine ikayameza. Ungo ambalo hakuliandika, mashine haina. Lakini haisemi kwamba haina. Huazima kimyakimya herufi za fonti nyingine, zile ngumu zilizonyooka, na neno hilo hulala chali katikati ya wenzake wanaotembea. Pale uchochoroni husema neno “limelala”.

Siku hiyo Tufail alitoka wa mwisho. Walimwita Nukta, kwa sababu aliwahi kurudisha kitabu kizima kutoka kiwanda cha uchapaji kwa ajili ya nukta moja iliyokaa vibaya. Alikaa, akapewa chai, asiiguse.

— Nukta, vipi? Umeme umekatika, na wewe umekatika? aliuliza Toleo.

Toleo jina lake Zishan. Kijana mwenye maneno mengi, na kwake yeye hakuna tatizo lisilotibiwa na toleo jipya la programu.

Tufail akatoa karatasi mfukoni, akaifungua juu ya goti.

— Jina limelala, akasema.

— La nani? Isije ikawa yule mchezaji kriketi wa Sri Lanka tena. Lile nilishawalalamikia wenye programu, wakalitia. Na ile pikipiki ya Kichina pia, na zile biskuti...

— La Ustadh.

— Ustadh gani?

— Ustadh wangapi unao wewe? La Ghazanfar.

Mzee Sibtain, aliyeitwa Wino, akaweka glasi chini. Huyu alikuwa mwandishi wa khati kwa mkono, amesoma pamoja na marehemu kwa mwalimu mmoja, na kompyuta hakuwahi kuigusa. Alikuja benchini kwa ajili ya chai na kuwacheka. Aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho. Jina lilikuwa limenyooka kama ubao.

— Haiwezekani, akasema.

— Binti yake alikuja jana, Tufail akaeleza. Arobaini ni Ijumaa, na mchongaji wa jiwe la kaburi anangoja. Akaniambia, Ami, nataka jina la baba lichongwe kwa mkono wa baba. Nikamwambia hilo tu? Njoo kesho ulichukue. Nimeliandika, limelala.

— Toleo lako la zamani, Toleo akasema. Nakwambia kila siku.

— Nimelijaribu kwenye mashine yako asubuhi, ulipokwenda kununua mikate. Limelala kwako pia.

— Basi wamelitoa! Wenye kampuni hao. Ustadh aliwaomba jina lake litokee programu ikiwashwa, wakagoma, wakagombana. Siku ya pili wakapita wakalifuta kabisa.

— Ulikuwepo?

— Nilisikia.

— Kwa nani?

— Kwa watu, Nukta. Wewe kila kitu unataka kwa nani!

Wino akatikisa kichwa.

— Hamna mlijualo. Ni yeye mwenyewe hakuliandika. Mwalimu wetu alitukataza. Ukiliandika jina lako kwa kalamu uliyochonga kwa kazi ya watu, mkono unakukimbia.

— Mzee, usitupige kamba, Toleo akasema. Wewe jina lako limejaa kwenye kila kibao cha duka toka hapa hadi Mochi Gate.

— Na mkono uko wapi?

Akaunyanyua. Ulikuwa unatetemeka kama jani, mpaka shanga za tasbihi aliyoivaa zikawa zinagongana. Toleo alianza kucheka, kisha akauona ule mkono vizuri, akainama kwenye glasi yake.

Lakini hakuwa mtu wa kunyamaza.

— Sikilizeni. Jina limo, ila limefichwa. Unabonyeza vitufe vinne kwa pamoja, halafu unaandika. Kuna jamaa wa Karachi alibonyeza kwa bahati, ikatoka picha ya Ustadh anatabasamu.

— Ustadh hakuwahi kutabasamu.

— Ndiyo ujue picha ni ya kutengeneza!

— Au mimi niseme, Wino akasema polepole. Pengine siku zote lilikuwa limesimama. Kafa mwenyewe, na lenyewe likalala.

— Mzee, acha, Tufail akasema.

Barkat akapita na birika. Hakuna aliyemnyooshea glasi.

— Huwezi kuliandika wewe? Tufail akamuuliza Wino kwa sauti ya chini. Kidogo kidogo. Nitaushika mkono.

— Nikiliandika mimi litakuwa langu, tena la uzeeni. Amekuomba mkono wa baba yake, hakukuomba wangu.

Tufail akatoa karatasi ya pili.

— Nimejaribu kuliunga. Nimekata mwanzo wa “ghadhabu”, nikakata mwisho wa “safari”, hapo katikati nikatafuta herufi nuni. Yote ni maandishi yake.

— Ghadhabu na safari, Wino akasema. Basi ndiye yeye kabisa. Hebu.

Akalitazama kwa muda mrefu. Jina lile kwa Kiurdu ni herufi tano, na zote zimeshikana, hakuna hata moja inayoachia. Na mwanzo wa “ghadhabu”, neno ambalo kwa Kiurdu huanza kwa herufi zile zile za jina lake, Ustadh aliuandika ukitazamia herufi nyingine mbele yake, siyo ile iliyobandikwa. Liliungana kama mfupa uliovunjika ukapona upande.

— Watu watano kwenye foleni, Wino akasema, akairudisha karatasi.

Hapo ndipo Rubab, binti wa Ustadh, alipoingia uchochoroni, shali ya kahawia imefunika kichwa, vumbi la chaki bado kwenye mkono wa nguo, maana alikuwa ametoka moja kwa moja shuleni anakofundisha. Wanaume wakasimama.

— Asalaam aleikum, Ami Tufail. Limekuwa tayari?

— Waaleikum salaam, binti yangu. Kaa kwanza.

— Mchongaji yuko dukani kwake mpaka magharibi.

Tufail hakuwa na pa kujificha. Akampa karatasi zote mbili. Ya kwanza aliitazama mara moja tu. Ya pili aliifuata kwa kidole, kutoka kulia kushuka kushoto, kidole kikakwama hapo katikati.

— Huu siyo mkono wa baba.

— Vipande ni vyake, Tufail akasema.

— Ndiyo, Ami. Vipande ni vyake.

Toleo hakuweza kuvumilia.

— Dada, usiwe na wasiwasi. Leo leo nawaandikia wenye programu. Sisi huku tukilalamika wanasikia! Neno likilala tu, siku hiyo hiyo wanapata habari. Uliza yeyote. Mchezaji kriketi alilala, wakamsimamisha. Biskuti, pikipiki, kijiji kisichojulikana na mtu huko Baltistan, vyote tumevilalamikia, vyote vimesimama.

— Kila neno linalolala mnalisema?

— Kila neno. Haturuki.

— Na fonti hii mnayo tangu mimi niko shule ya msingi.

— Naam, tangu hapo.

Rubab akazikunja zile karatasi pamoja, akakunja tena. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mwalimu anayetaka kujua tu:

— Basi miaka yote hiyo, kabla ya jana, nani kati yenu aliwahi kuliandika jina la baba?

Wino akazitazama kucha zake. Tufail akauona ukurasa wa pili wa kila kitabu alichokitoa tangu ujana, pale chini ambapo huwekwa jina la mchapishaji, na chini yake la mpangaji: Tufail Ahmad, limeshuka ngazi zake vizuri, nukta zote mahali pake, kwa mkono wa Ustadh Ghazanfar, ambaye jina lake halimo popote.

Utando wa maziwa ulikuwa umeganda juu ya chai. Mara umeme ukarudi. Taa zikawaka uchochoro mzima, mashine zikalia moja baada ya nyingine vyumbani zikiita wenyewe, na siku zote hapo benchi huachwa tupu kabla Barkat hajakusanya glasi. Siku hiyo hakuna aliyenyanyuka. Rubab peke yake aliaga, akaenda kwa mchongaji. Jina lilichongwa kwa herufi za mchongaji.

Mzee Sibtain alifariki masika mawili baadaye. Barkat naye hayupo. Zishan yu hai, yuko Sharjah, hapangi tena kurasa. Rubab yu hai na bado anafundisha. Tufail yu hai. Akianza kitabu kipya huliandika kwanza jina lile peke yake kwenye ukurasa mtupu, akalitazama limelala bado, maana wa kuliandika hayupo, kisha akalifuta na kuanza kazi.