Historia ya Marehemu Mwalimu Hilari Lusangija, Aliyefundisha Hesabu kwa Nyimbo za Wapagazi

Baba Padri, Mtemi wetu, wazee wa Mwanhembo, walimu, majirani, na ninyi mliotoka Tura, Urambo na Chemchem kuja kuzika pamoja nasi, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Apolinaria Lusangija, dada mdogo wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu moja tu, kwamba marehemu mwenyewe alinifundisha kusoma nikiwa tayari na mtoto mgongoni, kwa mkaa juu ya ungo wangu mpya, na ungo ule haukufaa tena kupepetea mtama. Mtanivumilia nikisema kweli, maana kaka huyu amenichosha kwa miaka arobaini na mitatu, na sioni kwa nini nianze kumpamba leo.

Marehemu alizaliwa hapa Mwanhembo, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni ya Tura, mwezi Agosti 1908, wakati wa Mdachi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Lusangija na mama yetu Kalunde, akabatizwa tarehe 24 Desemba 1919 na kupewa jina la Hilari. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1920 hadi 1924, kisha akapelekwa Tabora kujifunza ualimu, akamaliza Novemba 1928, akiwa na cheti kizuri na onyo moja la maandishi, kwamba aache kuimba wakati wa somo la hesabu. Onyo hilo tunalo nyumbani, na kama ninyi nyote mnavyojua, halikumsaidia chochote.

Alianza kazi Januari 1929 katika shule ndogo za upande wa Urambo, akakaa huko miaka kumi na minane, na Januari 1947 akahamishiwa hapa nyumbani. Alikuta madarasa manne, walimu wawili wenzake, na wazazi waliokuwa wakiwatoa watoto shuleni kila mvua inaponyesha, na mwaka 1948 walimu wale wawili wakakimbilia mashamba ya karanga ya Urambo kuendesha matrekta, akabaki peke yake na watoto tisini na sita. Mwaka ule katika mtihani wa darasa la nne alifaulu mtoto mmoja kati ya ishirini na wanne, na huyo mmoja alikuwa amehamia kutoka Tabora mjini. Ikaja barua ya Mkaguzi wa Elimu kusema kwamba mwaka 1949 wasipofaulu angalau nusu, shule itafungwa.

Mtu mwenye akili timamu angeongeza viboko. Kaka yangu alichukua ngoma kubwa iliyokuwa kwa wajomba zetu, bila kuomba ruhusa ya mtu, akaipeleka darasani, na asubuhi ya tarehe 14 Februari 1949 akaanza kuipiga polepole, pigo moja moja, ili watoto wahesabu kwa saba, bila kujiuliza, yeye mzaliwa wa hapahapa, kwamba ngoma kubwa ikipigwa hivyo asubuhi maana yake mtemi amefariki. Watu waliacha majembe shambani, wanawake wakaanza kulia, na nusu ya kijiji ikawa imekwisha kunyoa nywele kabla Mtemi mwenyewe hajatokea kuuliza ni nani aliyekufa. Mtemi wetu, tunakushukuru kwamba siku ya tatu ulicheka, ila mbuzi wawili wa faini walitoka, na mmoja wao alikuwa wangu.

Wazazi wakaitisha mkutano, na baadhi yenu mliokaa mbele hapa mkilia ndio mliosimama siku ile mkasema, "Ngoma tunazo nyumbani, mtoto tumemleta huku asome." Neno lenu lilikuwa na haki, sikatai, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kwa nini mtoto huyohuyo, aliyekaa miaka mitatu bila kujua saba mara nane, anajua nyimbo arobaini bila kukosea neno. Swali hilo ndilo alilouliza marehemu, na akiuliza jambo hamwachi mtu alale.

Basi alirudisha ngoma, akamfuata Mzee Ng'washi, aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo mara tatu katika ujana wake, akamleta shuleni aimbe nyimbo za njiani, zile ambazo kiongozi wa msafara anataja kambi na mizigo, na wapagazi wanamjibu imebaki mingapi. Watoto wakajitwika matita ya majani, wakazunguka uwanja wakiimba, wakifika kila kambi wanatua, wanagawa mizigo, wanatoa, wanajumlisha. Mimi nilinyang'anywa vyungu viwili vya kukorogea rangi, chokaa, mkaa na udongo mwekundu, na ukuta mzima wa darasa ukachorwa njia ya zamani kutoka Ujiji hadi pwani, na chini ya kila kambi jina lake, likiandikwa na mtoto aliyeichora. Veneranda, aliyekuwa amerudia darasa mara mbili na hasemi kitu, ndiye aliyechora Mgunda Mkali, pori lote la mashariki ya Tura, na alilisoma jina hilo kabla hajaweza kusoma sentensi moja ya kitabuni, kwa sababu alikuwa ameliimba, na alitaka kujua pori linaishia wapi.

Tarehe 7 Juni 1949 Bwana Mkaguzi alifika, akakuta darasa la nne liko nje na matita kichwani, akasema, "Hapa hakuna shule, hapa kuna msafara." Marehemu akamjibu, "Ndiyo bwana, na wewe umetukuta njiani, turudie tukifika," jibu ambalo lingetufungia shule siku ileile kama karani mkalimani asingekuwa na huruma ya kulitafsiri vingine.

Mwezi Novemba walifaulu watoto kumi na watano kati ya ishirini na wawili. Barua ya pongezi ikaja, nami nimeisoma kwa macho yangu, ikisifu bustani ya mboga ya shule kwa kuwachangamsha watoto akili, bustani iliyokuwa imeliwa na mbuzi tangu Machi, na ikaagiza bustani iongezwe na michezo ipunguzwe. Marehemu akatii, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, na mwaka 1950 watoto walilima sana na wakafaulu watano. Mwaka 1951 akachora ukuta upya na kurudisha nyimbo, na tangu hapo hawajashuka chini ya nusu.

Marehemu alifunga ndoa na shemeji yetu Imakulata tarehe 6 Oktoba 1934, wakajaliwa watoto watano, wawili wakatangulia mbele ya haki mwaka 1940, na waliobaki ni Eustadia, Alois na Ambrosi. Shemeji ameniomba niseme kwamba alimpenda, na pia kwamba vitenge vyake vitatu vilikwenda kuwa pazia la maigizo ya shule, na havikurudi.

Oktoba mwaka jana alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, tukampeleka Tabora kwa treni, daktari akasema ni moyo, akamwamuru alale miezi mitatu. Alilala siku kumi na moja, akatoroka, akatuambia watoto wamefika katikati ya njia na hawawezi kuachwa porini. Nilimpigia kelele mpaka sauti ikanikauka. Alifariki jana, Jumanne, tarehe 14 Mei 1957, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane, na nina hasira naye ambayo sijui nitaipeleka wapi.

Tunawashukuru madaktari wa Tabora, ambao ushauri wao ulikuwa sahihi, Veneranda, ambaye sasa ni muuguzi na ndiye aliyemhudumia, Bwana Navin Laxmidas wa dukani Tura kwa karatasi za kuchorea za miaka minane, walimu wenzake, na majirani wote kwa kuni na maji.

Neno la mwisho si la marehemu, ni langu. Ofisi imetuma ujumbe kwamba mwalimu mwingine ataletwa Januari, na darasa la nne lina watoto ishirini na saba. Mzee Ng'washi, sauti bado unayo. Wafinyanzi, wachongaji, wasukaji, ninyi mnajijua, na wazazi wa ule mkutano, nyimbo za harusi na za kupalilia mnazo ninyi, yeye alikuwa akiwaazima tu. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni mwa darasa na orodha ya majina, na asiyekuja nitamfuata kwake, nimejifunza kwa aliyekuwa anajua kusumbua watu. Kaka, wewe pumzika kwa amani, sisi tuna mtihani Novemba.