Fundi Samahani Hakuugua kwa Muda Mfupi

Wafiwa wenzangu, majirani, nanyi mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, mimi ni binti wa tatu wa marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwaeleza baba yetu alikuwa nani, na kila tarehe nitakayosoma nimeihakiki kwenye vyeti, barua na daftari lake la zahanati.

Baba yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, kitinda mimba wa fundi cherehani na muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1976 hadi 1982, ambako mwalimu wa hesabu alimchapa kwa kuchora punda pembeni mwa daftari, kisha mwalimu huyohuyo akaukata ule ukurasa akaenda nao nyumbani. Mwaka 1983 alianza kujifunza useremala kwa baba yake mdogo, na tarehe 2 Mei 1994 aliajiriwa katika kiwanda cha samani, chumba cha kupulizia vanishi, alikofanya kazi miaka thelathini na miezi kumi.

Wenzake walimwita Fundi Samahani, kwa kuwa aliomba radhi kwa kila mtu na kila kitu, hata ubao kabla hajaupigilia msumari. Chini ya kila droo alichora kitu kidogo kwa penseli, samaki mwenye miwani, kuku anayesoma gazeti, na alipoulizwa nani atakayeviona huko alijibu, "Panya, nao wana haki ya kucheka."

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye alikuwa amekuja kiwandani kulalamikia mlango wa kabati uliopinda, na kabati lile lilirudishwa kwa fundi mara tatu, ingawa mara mbili za mwisho halikuwa na kasoro yoyote. Walijaliwa watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, na kila Jumapili alitusuka mwenyewe, njia zikaenda upogo, nasi tukaenda shule hivyohivyo tukijidai.

Sasa nimefika pale ambapo karatasi hii ilizua ugomvi. Juzi msimamizi wa kiwanda alituletea maneno yaliyokwisha kuchapwa, kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi", tuyasome hivyo. Baba mkubwa akaniambia, "Mwanangu, msiba si mahakama, yaweke tumalize salama." Nikamjibu, "Baba mkubwa, nikiyaweka, Jumatatu chumba kile kinafunguliwa kama kawaida." Akaomba kalamu, akaufuta mstari ule kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo nasoma yaliyotokea. Feni ya kutolea hewa katika chumba kile iliharibika Machi 2020, na haijatengenezwa hadi leo. Baba alianza kukohoa tarehe 6 Septemba 2021. Barakoa zililetwa mara moja tu, Januari 2022, kumi na moja kwa mafundi kumi na tisa, na baba akampa mwenzake ya kwake. Badala ya barakoa waligawiwa maziwa, pakiti ya nusu lita kila Ijumaa, wakaambiwa yanasafisha kifua. Nasi tuliamini, mama akamwongezea glasi ya jioni, na mimi niliyesomea kemia chuo kikuu nilimsimamia mpaka aimalize, ilhali maziwa huenda tumboni, na vanishi ilikuwa mapafuni. Hasira ya hilo ni yangu, nitaibeba, lakini iliyobaki ina wenyewe.

Tarehe 17 Oktoba 2023 alimweleza msimamizi kwamba kifua kinambana, akajibiwa mbele ya wenzake, "Mzee, unadeka kama bibi harusi, kunywa maziwa yako urudi kazini," na baba yetu akamwomba radhi kwa kumkoholea.

Tarehe 28 Februari 2025 alianguka bomba la kupulizia likiwa mkononi, tarehe 3 Machi akalazwa, daktari akaandika kwamba mapafu yameharibiwa na kemikali za kazini, na Jumatano, tarehe 11 Juni, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akafariki akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Tangu kikohozi cha kwanza hadi pumzi ya mwisho ni miaka mitatu, miezi tisa na siku tano, na huo ndio tulioambiwa tuuite muda mfupi.

Tunamshukuru daktari aliyeandika ukweli na kukataa kuubadilisha, wauguzi wa wodi namba nne, na majirani waliopandisha mitungi ya oksijeni hadi nyumbani kwetu, ghorofa ya tatu, bila kuitwa mara mbili. Mafundi kumi na wanane mliobaki, mlimbeba baba yetu kutoka chumba kile, asanteni, lakini nikiishia kwenye asante nitakuwa mnafiki, kwa maana tangu nianze kusoma nimewasikia saba kati yenu wakikohoa. Daktari amekubali kuwapima wote hospitalini Jumatatu saa mbili asubuhi, na baba mkubwa atawasubiri getini akiwa na orodha ya majina yenu. Msimamizi, nakuona safu ya tatu, nawe njoo, umepumua humohumo.

Baba, wewe pumzika kwa amani, sisi bado tuna kazi.